Rojo la Kuchovyea Matunda: Anza kwa Kutoa Maji

Maelekezo mengi ya rojo la kuchovyea matunda yanayozunguka mitandaoni yametoka Marekani, na ukisoma mawili matatu umeyasoma yote: pakiti ya jibini laini, kopo la povu la krimu, sukari, vanila, changanya, tia kwenye friji, andaa. Huko yalikotoka yana mantiki. Jibini hilo lilianza kutengenezwa katika jimbo la New York mnamo 1872, na povu lililokwisha kupigwa, linalouzwa likiwa limegandishwa, liliingia madukani mwaka 1966 kwa jina la Cool Whip. Viwili hivyo vikiwa ndani ya friji, rojo ni kazi ya dakika chache. Yakihamishiwa Tanga, Mombasa au Bujumbura, maelekezo yaleyale hugeuka mzigo: jibini ni la kuagizwa na bei yake inatisha, povu halipatikani au limeshayeyuka njiani, na anayejaribu kupiga krimu mwenyewe katika jiko lenye joto la nyuzi 31 huishia na bakuli la maziwa mazito yenye vipande vya siagi. Wengi hapo husema kitu cha namna hiyo hatukiwezi. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Kinachofanya rojo liwe zito, laini na lisilokinaisha ni kiasi cha maji kilichomo, na njia rahisi kuliko zote ya kulipata bila moto wala mashine ni kuchuja mtindi. Mafuta ya ziada ni hiari. Kuchuja ni lazima.

Tuanze na krimu, maana ndiyo mpinzani mwenye nguvu. Krimu huinuka ikipigwa kwa sababu matone ya mafuta yake, yakiwa baridi na yameganda nusu, hugongana na kushikana kuzunguka viputo vya hewa na kuvizuia visipasuke. Ili hilo litokee inahitaji mafuta yasiyopungua asilimia 30 hivi, na ubaridi wa chini ya nyuzi 10. Mafuta ya maziwa huanza kulainika mapema sana. Joto likipita nyuzi 30, sehemu kubwa yake imekwisha kuyeyuka, na kiputo kisicho na ukuta hakidumu. Kwa hiyo povu la krimu kwenye meza ya uani saa nane mchana litaanguka tu, hata likipigwa na fundi. Mtindi unasimama kwa kitu kingine. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi, na katika protini zake, asilimia 80 ni kaseini. Bakteria wanapogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na uchachu ukakaribia kiwango ambacho wanakemia hukiandika pH 4.6, chembe za kaseini zilizokuwa zikikwepana hushikana na kuwa wavu ulioenea chombo kizima. Maji na mafuta hunaswa ndani ya wavu huo. Wavu wa protini hauyeyuki kwa joto la mchana wa Dar es Salaam. Utalegea kidogo, lakini hautageuka maji.

Kisha kuna hesabu. Mtindi wa maziwa yasiyopunguzwa mafuta una mafuta asilimia 3 na nusu hivi. Ukiuchuja mpaka ubaki nusu, mafuta karibu yote hubaki kwenye kitambaa, kwa hiyo rojo lako litafika asilimia 7. Jibini laini la Kimarekani, kwa kanuni za nchi hiyo, halipaswi kuwa na chini ya asilimia 33. Hapo ndipo ilipo siri ya rojo lisilolemea tumbo: uzito wake umetokana na protini iliyokaribiana baada ya maji kuondoka, na ulimi huupokea uzito huo kama utajiri ingawa mafuta ni machache. Wala ugunduzi huu si wa jana. Watu wa Sham na wa Ghuba wanachuja maziwa mgando na kuyala kwa mafuta ya zeituni na mkate. Gujarat na Maharashtra, huko India, mtindi uliochujwa huchanganywa na sukari, iliki na zafarani ukawa shrikhand, na familia zenye asili ya Gujarat zilizoko Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja zinaujua vizuri. Huuandalia puri za moto. Rojo la matunda tunalolitafuta ni ndugu wa karibu sana wa shrikhand, ila lina sukari pungufu, kwa kuwa puri haina utamu wake na embe linao.

Sasa mtindi wenyewe. Unahitaji lita 1, usio na sukari, usio na ladha, na uliotokana na maziwa yenye mafuta yake yote. Soma karatasi ya pakiti kabla ya kulipa. Ukiona wanga, jelatini au pektini imeandikwa, irudishe rafuni, kwa sababu vitu hivyo vimewekwa kiwandani kwa kazi moja, kushikilia maji yasitengane, na ndiyo maji unayotaka yatoke. Mtindi wa aina hiyo utauning'iniza usiku kucha na asubuhi utakuta kikombe kina vijiko viwili tu vya maji. Maziwa lala ya Kenya na mtindi mwepesi wa kunywa wa Tanzania hufaa pia, ila huwa na maji mengi zaidi, kwa hiyo tegemea kubaki na pungufu ya nusu. Ukigandisha mwenyewe, usiishie kwenye kuchemsha na kuepua. Yaache maziwa yakae moto wa nyuzi 85 hivi, yaani yanatoa mvuke na kutetemeka pembeni bila kufoka, kwa dakika 20. Joto hilo hubadilisha protini nyingine za maziwa zikajishikiza kwenye kaseini, na mtindi hutoka mzito na laini badala ya mapande mapande. Yakipoa mpaka kidole kivumilie, nyuzi 43 hivi, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana, funika, uache mahali penye uvuguvugu saa 5 au 6. Mtu atauliza: si tulisema bila moto? Ni kweli, na ndiyo maana mtindi wa dukani unatosha. Lakini maziwa mabichi yaliyoganda yenyewe kibuyuni, pamoja na heshima zote, usiyatumie kwa kitu kinachoandaliwa watoto na wageni. Uchachu huwazuia vijidudu wengi wasizaliane, hauwaui wote, na bruselosi ni ugonjwa wa kweli katika nchi zetu za wafugaji.

Kitambaa ndicho chombo kikuu, na watu hukidharau. Kinachofaa ni pamba nyepesi iliyofumwa karibu, mfano wa melimeli, kikunjwe mara mbili. Kipande cha kanga mpya hakifai: kina wanga wa kiwandani na rangi ambayo haijaisha kutoka. Kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni yenye manukato nacho kitauachia mtindi harufu hiyo, maana mafuta ya maziwa hunasa harufu haraka. Kichemshe kwenye maji matupu, ukikamue, kisha ukitandike juu ya chujio lililowekwa kwenye bakuli refu. Mimina mtindi bila kuukoroga. Wavu ukivunjwa mapema, vipande vidogo huziba matundu ya kitambaa, na kazi ya saa 8 itakuwa ya saa 14. Kusanya pembe nne, funga, na uweke vyote ndani ya friji. Mtaalamu wa haraka atataka kuning'iniza kwenye msumari jikoni, na kwenye nyanda za baridi, Limuru au Njombe usiku, hana kosa kubwa. Pwani ni kosa: bakteria wa mtindi hupenda joto, wataendelea kutengeneza asidi wakati maji yanadondoka, na asubuhi utakuwa na rojo zito lenye uchachu wa kukunja uso. Asiye na friji atumie deli la barafu, chujio na bakuli viwe ndani, na barafu ibadilishwe mara moja.

Saa ya kwanza maji hutoka kwa mfululizo, yakiwa na rangi ya kijani-manjano iliyofifia, maangavu. Yakiwa meupe, kitambaa chako kina matundu makubwa na protini inakukimbia. Kunja mara nyingine. Baada ya saa 3 tone moja huanguka na lingine huchelewa. Saa ya 6 fungua na utazame pembeni: mtindi utakuwa umejitenga na kitambaa kama ganda laini, lenye alama za nyuzi zilizochapwa juu yake, na katikati bado ni tepetepe. Hapo ndipo wengi hukosea wakadhani umeiva. Geuza, kwangua pembe zije katikati, funga tena, ongeza saa 2. Kipimo cha kuaminika ni kijiko: chota, kigeuze juu chini, uhesabu polepole hadi 10. Kisipoanguka, acha. Ukiendelea kuchuja hadi saa 24 utapata jibini la kupaka, ambalo ni chakula kizuri lakini halichovyeki. Tunda laini kama papai litakatikia humo. Kutoka lita 1 utabaki na gramu 400 hadi 500, na hizo zinatosha watu wanane wasio walafi.

Hapa linakuja pingamizi lenye haki: umelipia lita nzima, nusu umeichuruza. Kwa nyumba inayopanga bajeti ya maziwa kwa wiki, hilo si neno dogo. Jibu la kwanza ni la bei. Linganisha lita ya mtindi na pakiti ya gramu 200 ya jibini la kuagizwa kwenye duka la mtaani kwako. Popote maziwa ya ng'ombe yanaposindikwa ndani ya nchi, mtindi hutoka nafuu hata baada ya kupoteza nusu. Jibu la pili ni kwamba nusu hiyo haijapotea. Maji ya mtindi yamebeba sukari ya maziwa, sehemu ya madini ya chokaa, na asidi yenye kazi nyingi jikoni. Kandia unga wa chapati badala ya maji na chapati zitalainika. Yatie kwenye uji wa mtama mwishoni mwishoni, yachukue nafasi ya ndimu. Roweka humo kuku kabla ya kuchoma. Yakihifadhiwa kwenye chupa ndani ya friji hukaa siku kadhaa bila shida. Kitu pekee nisichokishauri ni kuyanywa kwa lazima eti kwa sababu yana afya. Mwenye kuyapenda atayapenda, na asiyeyapenda asilazimishwe kwa jina la vitamini.

Pingamizi jingine ni uchachu. Mtindi uliochujwa hubaki mchachu, na wapo wanaosema kitindamlo hakiwezi kuwa kichachu. Nadhani hawajafikiri kuhusu tunda. Embe lililoiva, ndizi kisukari, papai, zabibu za Dodoma, vyote ni sukari tupu na harufu. Kinachokosekana ni kitu cha kuikata sukari hiyo, na ndiyo maana watu hukamulia papai ndimu bila kufundishwa na mtu. Rojo tamu juu ya tunda tamu huchosha ulimi kwenye kipande cha tatu. Kwa sababu hiyohiyo sioni faida ya njia ya mkato ya maziwa ya kopo matamu yaliyokorogwa na maji ya ndimu, ingawa huganda papo hapo na bila kuchuja: zaidi ya nusu ya kopo hilo ni sukari, na uzito wake ni uzito wa shira. Rojo la mtindi linahitaji sukari ya kulainisha makali tu. Kwa gramu 450, anza na vijiko vitatu vya chakula vya sukari iliyosagwa laini, pamoja na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Onja likiwa baridi, kwa kuwa ubaridi hufifisha utamu. Lililoonjwa likiwa vuguvugu likakuridhisha, likitoka kwenye friji litaonekana halina kitu. Na tambua kwamba sukari huyeyukia kwenye maji yaliyobaki ndani ya wavu na kuyaongeza wingi, kwa hiyo rojo litalegea dakika chache baada ya kuitia. Hilo ni la kawaida. Ndiyo sababu tulichuja kupita kiasi tulichokitaka mezani.

Kanuni hiyo ya maji ndiyo itakayokuongoza kwenye viungo vyote. Kabla ya kutia kitu chochote, jiulize kinaleta maji kiasi gani. Ndimu: tumia ganda lake la kijani lililoparuzwa, lenye mafuta ya harufu, uache maji yake. Asali: nzuri sana, hasa ile nyeusi ya miombo ya Tabora, lakini asilimia 17 au 18 yake ni maji, na hulegeza rojo kuliko sukari, imwagie juu wakati wa kuandaa, na asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa hofu ya sumu ya botulismu. Zafarani: loweka nyuzi chache kwenye kijiko kimoja cha maziwa moto, si zaidi. Iliki haina deni la maji. Mbegu za punje nne zilizotwangwa wakati huohuo zinatosha, na iliki ya unga iliyokaa kabatini mwaka mzima bora uikose. Kungumanga iliyokwanguliwa kidogo hukubaliana na ndizi kuliko kiungo kingine chochote ninachokijua. Vanila ya Uganda, ile ya ganda lenyewe, ipasue na ukwangue mbegu. Ukitaka rojo la embe, kama Wagujarati wanavyofanya na shrikhand yao, ponda embe, lipitishe kwenye chujio kuondoa nyuzi, kisha uliache nalo lichuje maji yake kwa saa moja kabla ya kulichanganya. Anayeruka hatua hiyo atapata kinywaji kizuri cha mtindi na embe.

Kuchanganya ni kwa uma, kijiko cha mbao au kipigio cha mkono. Blenda ikae kabatini. Visu vyake hukata wavu vipande vidogo mno visivyoweza kushikana tena, na baada ya sekunde 20 kazi ya usiku mzima inamiminika. Ukisaga kwa kijiko dhidi ya chujio la waya, vidonge huisha na wavu huumia kidogo tu. Ukiliacha rojo saa moja kwenye friji sehemu ya uzito wake itarudi. Sasa turudi kwa mpenda krimu, maana hoja yake haijaisha. Anasema mtindi uliochujwa ni mzito kweli, lakini haujai hewa. Hauna ule wepesi wa wingu. Ana haki, na kwa anayetaka wepesi huo njia ipo: piga krimu baridi, kikombe cha chai kimoja kwa vikombe vitatu vya mtindi uliochujwa, ndani ya bakuli lililokaa kwenye barafu, kisha uikunje taratibu kwa mwiko kutoka chini kwenda juu. Hapa krimu inafanya kazi ya hewa na wavu wa mtindi unafanya kazi ya kubeba, ndipo povu linavumilia meza ya nje kwa muda ambao peke yake lisingevumilia. Malai ya maziwa ya nyumbani, ile ngozi inayopatikana juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa, haitapanda povu, lakini vijiko viwili vyake vikisagwa humo hutoa ladha ambayo krimu ya pakiti haina. Jelatini siipendekezi: lazima iyeyushwe kwa moto, wengi wetu hatujui imetoka kwa mnyama gani, na kazi yake imekwisha kufanywa na kitambaa.

Hata hivyo rojo bora litaharibiwa na matunda yaliyotayarishwa vibaya, na tena mkosaji ni maji. Tunda lililooshwa likakatwa papo hapo lina utando wa maji juu, na rojo huteleza badala ya kushika. Osha mapema, pangusa kwa kitambaa kikavu, kata, kisha panga vipande juu ya kitambaa dakika 10 kabla ya kuvihamishia kwenye sahani. Usinyunyizie sukari, huvuta maji ya tunda nje. Tikiti maji ni la kuliwa peke yake, halichovyeki kwa heshima. Embe la kuchovya lichaguliwe lililoiva bila kulegea, ngowe au boribo lenye nyama ngumu kidogo, likatwe vipande virefu vya kushikika kwa vidole. Stroberi za Lushoto au Limuru zisiondolewe vikonyo, ndiyo mishikio yake. Ndizi zikatwe mwisho na zipakwe ndimu kidogo zisigeuke nyeusi. Pera gumu, ambalo watu hulisahau, lina harufu inayoshindana na iliki bila kushindwa. Pasheni haichovyeki, lakini rojo lililomwagiwa mbegu zake juu wakati wa kuandaa halihitaji pambo jingine.

Nanasi linataka onyo lake. Lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini ambacho hukatakata protini, na papai, hasa lisiloiva sawasawa, lina papaini yenye tabia hiyohiyo. Kipande kikichovywa na kuliwa hapohapo hakuna kinachotokea. Lakini ukisaga nanasi bichi ukalichanganya ndani ya rojo na kuliacha kwenye friji, kimeng'enya kitaula wavu wa kaseini polepole: rojo litalegea, halafu litakuwa chungu, uchungu unaobaki kooni. Watu hulaumu mtindi kwamba ulikuwa umeharibika. Nanasi la kopo halina shida hiyo kwa sababu moto wa kiwandani umeua kimeng'enya, na anayetaka ladha ya nanasi ndani ya rojo lenyewe atumie hilo, baada ya kulikamua maji yake yote.

Na asiyetumia maziwa? Swali ni la msingi, kwani watu wazima wengi hawamudu sukari ya maziwa. Kwa baadhi yao mtindi uliochujwa utawafaa: bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na nyingine imetoka na maji. Kwa wengine liko tui. Tui la kwanza, zito, likiachwa kwenye friji usiku kucha hujigawa lenyewe. Mafuta hupanda juu na kuganda, maji hubaki chini. Chota ya juu, sukari, iliki, chumvi, na rojo lipo. Ni kanuni ileile ya kuondoa maji, tofauti ni kinachobaki. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24, kwa hiyo rojo la tui katika mji wa pwani lina dakika 15 za uhai nje ya friji, na kwa mafuta linashindana na krimu yenyewe. Nalipenda kwa ndizi na kwa nanasi, kwa kiasi kidogo, mezani kwa watu watatu. Kwa karamu silitegemei.

Wakati wa kuandaa, weka bakuli la rojo ndani ya bakuli kubwa lenye barafu, na utoe nusu tu. Nusu ya pili ingoje kwenye friji. Kanuni ya usalama wa chakula ni saa 2 nje ya ubaridi, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa 1, mtindi ukiwemo, hata kama uchachu wake unampa mtu moyo. Mpe kila mtu kijiko cha kujichotea kwenye kisahani chake, kwa sababu bakuli lililochovywa na watu wote haliwezi kurudishwa kwenye friji na kutarajiwa kukaa. Ile nusu ambayo haijaguswa itakaa siku tatu ikiwa imefunikwa. Siku ya pili utaona maji kidogo yamekusanyika juu. Yamwage, usiyakoroge ndani, kisha lipake rojo lililobaki kwenye chapati ya asubuhi.